Leseni ya udereva Dar es Salaam: nani anatoa nini, na daraja lako linakuruhusu kuendesha gari gani

Kila mwaka, mitihani ya kidato cha sita ikishaisha mwezi Mei, shule za udereva jijini hujaa vijana. Pita asubuhi barabara za ndani za Tabata, Kijitonyama au Mbagala, utakiona kigari chenye bati la L kikisogea kwa kusitasita. Mwanafunzi ameukumbatia usukani, mwalimu amekaa kushoto kwake na macho hayabanduki barabarani, na nyuma yao bajaji zimeshaanza kupiga honi. Huu ndio msimu ambao magrupu ya WhatsApp ya wazazi hujaa maswali yaleyale. Leseni inatolewa na polisi au TRA? TIN ya nini kwa mtoto asiye na hata genge la nyanya? Lena inatosha kwenda nayo Kariakoo? Na mimi niliyehamia kutoka Nairobi, leseni yangu inafanya kazi hapa?

Majibu yanayotolewa humo mengi ni nusu kweli, na nusu kweli zinawagharimu watu pesa na muda, na mara nyingine maisha.

Tuanze na maneno yenyewe, maana mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Leseni ya udereva ni ruhusa ya kisheria ya kuendesha aina fulani ya chombo cha moto barabarani. Nasema aina fulani kwa makusudi, tutalirudia. Lena ni leseni ya muda ya kujifunzia. Inakuruhusu kuwa mwanafunzi barabarani, basi. Cheti cha umahiri ni uthibitisho wa polisi kwamba wamekupima na umefaulu. Daraja ni ile herufi, au herufi na namba, inayoonyesha ni chombo gani umeruhusiwa kuendesha: A, B, C1, D, E na nyinginezo. Vyote vinne vinatokana na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Ni sheria ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake na mamlaka yake, kwa hiyo ndugu yako wa Unguja akikueleza utaratibu wa kwao, usiuchukue kama ulivyo ukaupeleka TRA ya Temeke.

Polisi au TRA?

Wote wawili, ila kila mmoja ana kazi yake. Chukua mfano wa hospitali. Unafungua faili dirishani, daktari anakupima, unalipa, kisha famasia anakupa dawa. Hakuna anayekwenda dirisha la dawa kuomba apimwe, wala anayemwomba daktari risiti ya malipo. Kwenye leseni, faili lako ni namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA pamoja na TIN, anayekupima ni Jeshi la Polisi kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani, na anayepokea malipo na kukukabidhi kadi ni Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA. Ukilielewa hilo, utajua pia pa kupeleka malalamiko: umefelishwa mtihani, nenda polisi, jina limekosewa kwenye kadi, nenda TRA, tarehe ya kuzaliwa haiko sawa kwenye kumbukumbu zako, hiyo ni ya NIDA, na hakuna askari wala ofisa wa kodi atakayeweza kukurekebishia.

Umri wa kuendesha gari ni miaka 18. Wazazi wengi wana kijana wa miaka 16 au 17 aliyemaliza kidato cha nne, ana miguu mirefu, ana akili, na gari analijua vizuri kwa sababu baba alimfundisha uwanjani. Kujua kuendesha na kuruhusiwa kuendesha ni mambo mawili. Kuna imani kwamba barabara za mtaani, zile za vumbi za Goba au Kigamboni, si barabara za kisheria, kwamba trafiki hana lake kule. Si kweli. Njia inayotumiwa na umma ni barabara, iwe na lami au mashimo. Na mwenye gari anayemkabidhi funguo mtu asiye na leseni naye ana kosa, hata kama mtu huyo ni mwanawe wa kumzaa. Watoto wanaocheza pembeni mwa njia hizo za vumbi ni wengi kuliko walioko Barabara ya Bagamoyo. Kwangu mimi hilo peke yake lingetosha.

NIDA na TIN: hapa ndipo watu wanapokwama

NIDA wanatoa kitambulisho kwa watu waliotimiza miaka 18. Kwa hiyo kijana anayetaka leseni mapema aanze na NIDA mara tu anapofikisha umri huo, akiwa na cheti cha kuzaliwa na vielelezo vingine anavyotakiwa kuwa navyo, ikiwemo barua ya serikali ya mtaa. Habari njema ni kwamba huhitaji kusubiri kadi yenyewe ya plastiki. Kinachotakiwa ni namba, ile yenye tarakimu 20 ambazo nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Zitazame tarakimu hizo nane kabla hujafanya jambo lingine lolote. Zikiwa na kosa, kosa hilo litakufuata kila ofisi.

Majina nayo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cheti cha shule kinasema Mohammed, NIDA wameandika Muhamedi. Nyumbani ni mtu mmoja. Kwenye mfumo wa kompyuta ni watu watatu. TIN inachukua jina kutoka NIDA, na leseni inafuata jina la kwenye TIN. Ukigundua tofauti siku ya kupigwa picha TRA, utarudi nyuma hatua mbili. Afadhali kumaliza jambo hilo wakati bado hujalipa hata shilingi.

Sasa TIN yenyewe. Ni namba ya utambulisho wa mlipakodi, na kwa mwombaji wa leseni huwa ni TIN isiyo ya biashara. Hofu kubwa mtaani ni kwamba ukishaipata utaanza kudaiwa kodi. Hofu hiyo ilipamba moto mwaka 2022, pale hotuba ya bajeti ilipozungumzia kila Mtanzania mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea mwenye kitambulisho cha NIDA kuwa na TIN. Kuwa na namba na kuwa na kodi ya kulipa ni vitu tofauti. Kodi ya mapato inatokana na mapato. Mwanafunzi asiye na kazi wala biashara, mwenye TIN ya leseni, hana makadirio ya kulipa. Akija kufungua duka au saluni siku za mbele, namba ni ileile, ila hapo ataisajili kwa ajili ya biashara. Tatizo linaloweza kumpata ni pale ambapo mtu aliyemsaidia kujaza fomu ameandika ni ya biashara. Kwa hiyo jaza mwenyewe, au kaa hapohapo ukiangalia kinachojazwa.

Lena inakuruhusu nini

Lena inadumu miezi mitatu na ada yake ni shilingi 10,000. Ukiwa nayo unaweza kuendesha ukiwa na mwalimu au dereva mwenye leseni halali ya chombo hicho pembeni yako, na gari liwe na alama ya L mbele na nyuma. Peke yako, hapana. Hata saa nne usiku njia ikiwa nyeupe, hapana. Hata kwenda dukani tu, hapana. Trafiki akikukuta peke yako na lena mkononi, kwa macho ya sheria ni sawa na mtu anayeendesha bila leseni.

Shule iwe imesajiliwa. Dar es Salaam zipo nyingi binafsi, ipo VETA pale Chang'ombe, na kwa wanaolenga magari ya abiria kipo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, Mabibo. Kabla ya kulipa uliza mambo ya kawaida kabisa: mwanafunzi anakaa nyuma ya usukani muda gani kwa siku, na kwenye gari moja mnapakiwa wangapi. Shule ikikubebesha wanafunzi watano mkazunguke kwa saa moja, kila mmoja ameendesha dakika kumi na mbili.

Vijana wengi wanalalamika kufundishwa gari la gia wakati nyumbani kuna IST ya otomatiki. Naelewa lalamiko lao, lakini nasimama upande wa walimu. Aliyejifunza kubalansi gari la gia kwenye mwinuko, klachi na mafuta vikizungumza, ataendesha la otomatiki bila shida. Anayetoka kwenye otomatiki kwenda gia huanza upya.

Kwenye mtihani, polisi wanakupima nadharia na vitendo. Alama za barabarani zinawatisha watu bure, wakati umbo lake tu linakupa nusu ya jibu. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya: mbele kuna kona, mtoto, mnyama. Duara linaamuru au linakataza. Mstatili unatoa taarifa. Pembe nane ni moja tu, nayo ni simama. Simama maana yake magurudumu yasizunguke kabisa, hata kama hakuna gari linalokuja. Kipilefti ndicho kinachowaangusha wengi, pengine kwa sababu wanachokiona kila siku Dar ni ubabe wa mwenye gari kubwa. Kanuni ni moja: aliyeko ndani ya mzunguko, anayekutokea kulia, ndiye mwenye haki ya kupita; wewe unayeingia unasubiri. Na kwenye kivuko cha waenda kwa miguu unasimama. Hupigi honi, wala huwashi taa kumwambia mtu akimbie. Ada ya mtihani ni shilingi 3,000.

Madaraja, na kwa nini D si leseni ya kila kitu

Hapa ndipo ninapoona uelewa mdogo kuliko kwingine, na madhara yake ni makubwa kuliko ya jina kukosewa. Watu husema "nina leseni" kama vile leseni ni kitu kimoja. Pikipiki ziko kwenye kundi la A: A kwa zile zinazozidi ujazo wa injini wa sisi (cc) 125, A1 kwa zilizo chini ya hapo, A2 kwa vyombo vya magurudumu matatu kama bajaji, na A3 kwa vipikipiki vidogo visivyozidi sisi 50. Ukiwa na leseni ya gari peke yake huruhusiwi kupanda bodaboda na kuiendesha, hata kama umekuwa dereva miaka ishirini.

B ni gari binafsi. D inaongeza magari ya kazi yasiyo mazito na yasiyobeba abiria wa kulipa, kama ile pikapu ya ofisini inayosambaza mizigo. E ndiyo ya magari mazito, malori, na huwezi kuipata kabla ya kuwa na D kwa miaka isiyopungua mitatu.

C ni abiria wanaolipa nauli, na yenyewe imegawanyika kwa idadi yao. C3 ni abiria wanne au pungufu, yaani teksi. C2 ni kuanzia wanne lakini wasiozidi 15, hapo zinaingia Hiace. C1 ni kuanzia 15 lakini chini ya 30, ambako Coaster nyingi zinaangukia. C yenyewe ni abiria 30 na kuendelea, mabasi makubwa ya mikoani na yale ya mwendokasi, na mwombaji awe ameshika C1 au E kwa miaka mitatu au zaidi. Piga hesabu. Kijana aliyepata D siku anatimiza miaka 18, akapanda E akiwa na 21, kupitia njia hiyo hawezi kihalali kukalia usukani wa basi kubwa kabla ya miaka 24. Miaka hiyo imewekwa kwa sababu basi lililojaa likipoteza breki kwenye mteremko, familia nzimanzima zinaumia. Unapomwona kijana wa miaka ishirini anaendesha basi la watu sitini, una haki ya kuuliza ilikuwaje.

Swali la Noah linaulizwa sana. Noah ya familia, mnakwenda nayo shambani Bagamoyo, ni gari binafsi. B au D inatosha. Noah hiyohiyo ikibeba abiria wa kulipa inahitaji daraja la C linalolingana na idadi yao, na gari lenyewe linahitaji leseni ya usafirishaji kutoka LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Sheria ya LATRA ya mwaka 2019 iliipa mamlaka hiyo pia kazi ya kusajili na kuthibitisha madereva wa vyombo vya biashara, kwa hiyo dereva wa abiria ana mlango mmoja zaidi wa kupita baada ya TRA.

Bima nayo inasoma daraja lako. Mtu amelipia bima kubwa, anaona amejikinga na kila kitu. Siku ya ajali, miongoni mwa karatasi za kwanza kampuni inazoomba ni leseni ya aliyekuwa anaendesha. Ikiwa imeisha muda, au daraja halilingani na gari, madai yana hatari kubwa ya kukataliwa, na gari lililobondeka linabaki kuwa mzigo wako.

"Nitafutie mtu"

Nje ya ofisi nyingi wapo vishoka. Anakwambia lete namba ya NIDA na hela, leseni utaipata bila kukanyaga darasani. Wanaokubali si wote wabaya; wengine ni watu waliochoka kusukumwa huku na huku, au wanaojua kuendesha tayari na wanaona shule ni kupoteza muda. Uchovu wao naujua. Lakini angalia unachonunua. Kadi inaweza kuwa ya bandia kabisa, na askari mwenye kifaa chake ataijua dakika hiyohiyo. Inaweza pia kuwa ya kweli lakini nyuma yake hakuna cheti cha shule wala rekodi ya mtihani, na polisi wakija kuhakiki leseni, vitu hivyo ndivyo wanavyoviulizia. Baya zaidi ni kwamba umenunua haki ya kuwa hatari. Mtu aliyenunua daraja la C bila kufundishwa hajamdhulumu TRA wala polisi. Amewadhulumu waliopanda gari lake Mbezi wakiamini watafika.

Ukitaka kumkwepa kishoka, kumbuka kwamba kila malipo halali ya serikali yana namba yake ya kumbukumbu, ile tunayoiita kontroo namba, na unalipa benki au kwa simu. Anayetaka fedha taslimu mkononi, au kwenye namba yake binafsi ya simu, hakulipii leseni. Ndivyo ilivyo pia kwa faini: askari anakuandikia, unapata namba, unalipa. Faini ya kosa la gari ni shilingi 30,000, na ya bodaboda na bajaji ilishushwa hadi 10,000 kwenye bajeti ya 2021/22.

Kwa waliohamia

Kama umetoka Kenya, Uganda au nchi nyingine ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, au nchi za SADC, leseni ya kwenu inatambulika unapokuja kutembea. Kwa wanaotoka mbali zaidi kuna kibali cha kimataifa cha kuendesha, na hapa wengi wanateleza: kibali hicho hakisimami peke yake. Kinaambatana na leseni ya nchini kwako ili askari asiyejua lugha yenu aisome. Ukiiacha leseni hiyo nyumbani au ikiisha muda, kilichobaki ni karatasi tu.

Mgeni anayetembea na mkazi si kitu kimoja. Ukishakuwa na kibali cha ukaazi na umepanga nyumba Mikocheni au Kimara, jipange kupata leseni ya Tanzania. Utahitaji pasipoti, kibali chako cha ukaazi, TIN, na leseni yako ya kigeni ambayo polisi wataihakiki kwanza. NIDA pia wana kitambulisho cha mkazi asiye raia, usidhani ofisi ile ni ya Watanzania peke yao. Na hata kama umeendesha miaka mingi, kama kwenu mnapita kulia, jipe siku kadhaa za kuendesha asubuhi ya Jumapili kabla ya kuingia Barabara ya Morogoro jioni ya siku ya kazi. Ile njia ya katikati iliyo tupu wakati nyingine zote zimesimama ni ya mabasi ya mwendokasi. Usiingie.

Kadi

Ukishafaulu, TRA wanachukua picha, alama za vidole na saini, unalipa, kisha unapata kadi. Tangu bajeti ya 2019/20 leseni inadumu miaka mitano badala ya mitatu, na ada ikapanda kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000. Wapo waliolalamikia kupanda huko, lakini kwa hesabu ya mwaka ni 14,000 badala ya 13,000 na kitu, tena bila foleni moja ya katikati.

Ikikabidhiwa mkononi mwako, usiondoke dirishani. Soma jina herufi kwa herufi, soma tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho, kisha soma madaraja yote. Kama ulipimwa B na D na kadi inaonyesha B peke yake, sema hapohapo, ukiwa bado na cheti chako cha umahiri mfukoni. Kadi ikija kupotea baadaye, anza na taarifa ya upotevu polisi, ndipo urudi TRA kuomba nyingine.